Siku za Dungusi Mama Wegesa Hakushika Upawa

Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu mwaka huu nilipigiwa simu kutoka Bweri kwamba Mama Wegesa amefariki. Jumamosi tulimzika kwao Mugeta, upande wa Bunda, karibu na wazazi wake. Alikuwa mpishi mkuu wa jiko la shule nililoingia nikiwa msichana na kutoka Desemba iliyopita nikiwa bibi. Hakuna mtu mwingine niliyekaa naye karibu hivyo kwa muda mrefu hivyo, hata marehemu mume wangu, maana yeye alikuwa ziwani na mimi nilikuwa jikoni.

Ninyi mliobaki jikoni mliniomba siku ya kuniaga niwaandikie namna tulivyokuwa tunapika madungusi, kwa sababu mnauona uzio wake wa miiba pale nyuma na hamjui pa kuanzia. Nilikubali, kisha nikawa naahirisha. Sasa naandika. Lakini siwezi kuyaeleza madungusi nikamwacha Mama Wegesa, na siwezi kumweleza yeye bila kusema jambo ambalo wengi wenu hamkulijua. Alipika madungusi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na miaka yote ile hakuwahi kumpa mtoto dungusi kwa mkono wake. Nilitamani sana siku moja ampe. Mambo mengine, kama nani alipanda cheo lini na mshahara ulikuwaje, nayaacha. Nikiyakumbuka hayo huwa nasinzia.

Nilifika shuleni nikitokea nyumbani kwetu Buswahili, na elimu yangu ya darasa la saba. Nilijua kupikia watu wanane. Sufuria la kwanza nililoonyeshwa ningeweza kuoga ndani yake. Mnajua shule yetu ni ya bweni, watoto wengine wanaletwa hata meno ya mbele hayajang'oka. Uzio wa madungusi waliupanda wale waliojenga shule, ili ng'ombe wa majirani wasiingie bustanini. Ng'ombe walizuilika. Mbuzi hawajazuilika mpaka leo.

Siku hiyo ya kwanza Mama Wegesa alinituma nyuma ya jiko nikamletee tunda moja aone kama yameiva. Sisi kwetu hatukuwa nayo mengi, nilikuwa nimeyaona tu kando ya barabara. Nikaliona tunda limeiva, jekundu, miiba mikubwa halina. Nikalichuma kwa vidole. Niliporudi nilikuwa nimeshajifuta jasho mdomoni.

Akanitazama. "Umechuma kwa mkono?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mdomo umeshika?"

"Nimeshika."

"Basi leo hutasema sana. Nilikuwa nahitaji mtu wa namna hiyo."

Tunda la dungusi miiba yake mibaya si ile mikubwa unayoiona. Ni vile vimiba vidogo kama nywele za kiwavi, vinakaa kwa vishada, ukigusa vinahamia kwako. Vidole vyangu viliwaka, mdomo ukavimba. Mama Wegesa alikata pande la ugali wa muhogo, ule unaovutika, ukiwa vuguvugu, akaukandamiza kwenye vidole vyangu na kuubandua, akaukandamiza tena. Kisha mdomoni. Vimiba vilitoka na ugali. Hiyo ndiyo dawa, na ugali wa mahindi haufai, unamumunyika. Baadaye akaufukia ule ugali kwenye majivu, kuku wasije wakaula.

Kwa hiyo andikeni kichwani. Dungusi linachumwa asubuhi umande ukiwepo, kwa sababu likikauka vile vimiba vinaruka na upepo. Simama upepo ukiwa mgongoni kwako. Tumia koleo. Koleo letu alilitengeneza fundi wa Butiama kwa nondo, lina mikono mirefu na limepinda kidogo upande mmoja kwa sababu mwalimu wa michezo aliwahi kuliazima kufungulia geti. Zungusha tunda, usilivute, litoke lenyewe. Lidondoshe kwenye ndoo yenye mchanga. Ukishajaza, mwaga chini, yasugue kwa ufagio wa nyasi mbichi huku yakibiringika, halafu yapitishe kwenye moto wa nyasi kavu, moto wa haraka, sio wa mkaa. Unasikia vimiba vinalia kama chumvi kwenye mafuta. Hapo ndipo unaweza kulishika.

Kumenya ni rahisi. Kata kichwa, kata mkia, pasua ngozi kwa urefu, ifungue kama unamvua mtoto koti. Nyama ya ndani ina utamu mpole na mbegu nyingi ngumu. Sisi tuliponda kwa mwiko tukachuja juisi. Mama Wegesa alikuwa anachuja kwa kitambaa cheupe, halafu anachuja tena kwa kitambaa kingine. Mimi mara ya kwanza naona inatosha, juisi iko safi kabisa.

"Rudia," akasema.

"Mbona hakuna kitu, Mama?"

"Ndiyo maana nasema rudia. Kungekuwa na kitu ningechuja mwenyewe."

Rangi yake inashika kila mahali, kwenye aproni, kwenye meza, kwenye kuta. Msimu wangu wa kwanza, matroni mpya alikuja jikoni asubuhi amepauka, anasema watoto wa bweni la wasichana wanakojoa damu, apigiwe simu nani. Mama Wegesa alikuwa anakoroga uji. Akamwuliza, "Na wewe jana ulikunywa?" Matroni akasema alikunywa vikombe viwili. "Basi nenda kajione halafu urudi." Akaenda. Aliporudi akaomba kikombe cha chai, na kuanzia siku hiyo walikuwa marafiki.

Majani yake pia ni mboga. Chukueni machanga tu, ya ukubwa wa kiganja, yale yanayochipua baada ya mvua za kwanza, bado yanang'aa. Yakikomaa ni chakula cha ng'ombe, na hata ng'ombe mchomee miiba kwanza. Babua kwenye moto, kwangua kila jicho la miiba kwa kisu chembamba, katakata kama bamia, chemsha na magadi kidogo. Weka nyanya, weka dagaa waliochambuliwa vichwa, malizia na karanga za kusaga. Kuna mgeni aliwahi kutuambia kwao wanachemsha na kumwaga ule utelezi. Tulimsikiliza vizuri. Lakini watoto wa huku wamekuzwa na mlenda, ukiwamwagia utelezi umewamwagia mboga.

Kiangazi kikiwa kirefu, bustani ikakauka na maharage yakaisha stoo, tulikuwa tunakula madungusi hata mara tatu kwa wiki. Wazazi wengine hawakupenda. Baba mmoja alikuja siku ya kutembelea watoto, akaona sufuria, akasema, "Nimeleta mtoto shule, mnamlisha uzio?" Mama Wegesa akampa sahani. Yule baba akala yote akiwa amesimama, ili ionekane hajakubali.

Sasa nije kwenye lile jambo.

Katika jiko letu, desturi mnaijua, mpishi mkuu ndiye anayewagawia watoto wa chini kabisa kwa mkono wake. Wengine tunagawia wakubwa. Ni ili mpishi mkuu aone kwa macho nani amekonda na nani analia na nani hali. Mama Wegesa aliitunza desturi hiyo kuliko mtu yeyote. Alijua mtoto gani anakula akisimuliwa hadithi na yupi anakula akiachwa. Lakini siku ya dungusi, iwe juisi au mboga, alikuwa ananipa mimi upawa. "Gawa," anasema, na yeye anageukia sufuria za kuosha. Na kula halili. Anachukua ugali na dagaa wakavu anakaa kwenye kigoda mlangoni.

Mwaka wa kwanza nilidhani ananifundisha. Mwaka wa pili nilidhani amechoka. Baadaye nikamwuliza.

"Mama, kwa nini dungusi hugawi?"

"Wewe una mkono mwepesi."

"Na maharage je? Maharage mkono wangu ni mzito?"

"Maharage unamwagaga," akasema. Na ni kweli nilikuwa namwaga.

Nilipata jibu mwaka wa kiangazi kile kibaya, mwanangu Majura akiwa ananyonya. Jumapili moja baada ya ibada watoto watatu wa darasa la kwanza walipenya nyuma ya jiko. Wenyewe ni watoto wa wafugaji, wanajua kuchuma kwa kijiti na kusugua mchangani, hawakuchomwa hata kidogo. Wakala wakashiba. Wawili hawakupata shida. Wa tatu, Chacha, mtoto mdogo mwenye masikio makubwa, alikuwa amemeza mbegu zote kwa sababu hakutaka kupoteza muda kuzitema. Jumanne hakula uji. Jumatano matroni akasema tumbo linamuuma, labda minyoo.

Mama Wegesa aliacha mwiko ndani ya sufuria, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Akaenda bwenini, akamwekea Chacha mkono tumboni. Akamwuliza, "Mwanangu, umeenda choo lini?" Mtoto akasema hajui. "Ulikula dungusi?" Mtoto akaanza kulia akifikiri atapigwa. Mama Wegesa akambeba mgongoni, amevaa aproni vilevile, akasimama katikati ya uwanja mpaka dereva wa shule akaja na gari. Mimi nikaingia nyuma na Majura kifuani. Tukaenda hospitali Musoma. Njia nzima, kila gari likiruka shimo, alikuwa anainua miguu ya yule mtoto isigonge.

Hospitali wakamchukua ndani. Sisi tukakaa kwenye benchi la korido. Tulikaa sana. Majura alilala akaamka akalala tena. Halafu Mama Wegesa akaanza kuongea akitazama ukuta, kwa sauti ile anayotumia kuhesabu vikombe.

"Nilikuwaga na mdogo wangu anaitwa Makuru. Hajaanza kutembea vizuri. Ulikuwa mwaka wa njaa, mama akashuka ziwani kwa shangazi kutafuta muhogo, akaniachia mtoto. Nikamlisha madungusi. Hakukuwa na kingine. Alikuwa anayapenda, Mama Majura. Nikimpa anacheka, anafungua mdomo. Mimi nikaona mtoto anacheka, nikaendelea kumpa. Mbegu sikutoa. Nilikuwa sijui kama zinatolewa."

Majura akajigeuza mapajani mwangu, nikamfunika.

"Tumbo likawa gumu hivi." Akagonga benchi. "Mama akarudi na muhogo kichwani. Akakuta tumeshamzika, majirani wamemzika. Mama hakunipiga. Mimi nilitaka anipige."

Nilimpa Majura ampakate. Alimpokea akamweka juu ya mapaja, akawa anamfuta mate kwa kona ya aproni.

Mlango ulipofunguliwa nesi alitoka na beseni limefunikwa, mikono yake imelowa hadi kwenye viwiko. Akasema, "Nyie ndio mmemleta yule? Mbegu zimetoka. Anauliza kama mna chapati."

Mama Wegesa alisimama, akakaa tena. Kisha akaniambia niende nje nikanunue, na nilipokuwa naondoka akaongeza, "Chapati moja. Na maji. Maji mengi."

Tuliporudi shuleni nilidhani atasema madungusi sasa basi. Mimi mwenyewe ningekubali. Uzio ule nilikuwa nauona kama nyoka. Kesho yake alfajiri nikamkuta amesimama na koleo na ndoo ya mchanga.

"Mama, tunapika tena?"

"Watoto wana njaa leo," akasema. "Dungusi halijamkosea mtu. Kinachotakiwa ni kuchuja."

Akafunga kamba ya katani mbele ya uzio, akawaita watoto wote wa chini akawaonyesha mbegu kwenye kiganja chake, akawaambia zinavyoziba tumbo, na akawatafunisha na kuwatemesha mbegu za papai kama mazoezi mpaka wakawa wanashindana nani anatema mbali. Tulikaa na mbegu za papai uwanjani wiki nzima. Lakini mchana ulipofika, akanipa upawa kama kawaida na kugeukia masufuria.

Tangu siku hiyo sikumwuliza tena kwa nini. Nilimwambia mara moja tu, miaka imepita, tukiwa wawili tunamenya. "Siku ukimgawia mtoto dungusi wewe mwenyewe, nitafurahi kuliko siku nilipojifungua."

"Siku uliyojifungua hukufurahi, ulikuwa unatukana wakunga," akajibu. "Menya."

Alistaafu akaenda kuishi Bweri kwa binti yake Ester, kwenye nyumba mpya zile za mabati ya rangi, na mimi nikarithi upawa, koleo na kelele zote. Nilipata wasaidizi wazuri na wengine wa kawaida. Nilikuwa nampelekea ndoo ya matunda kila msimu. Anayakagua moja moja, anasema hili hukulichoma vizuri, hili umelichuma halijaiva. Anawaita majirani wanakuja wanakula. Yeye anakunywa chai.

Januari hii nilikuwa nimeshastaafu na mimi. Ester akanipigia kwamba miguu ya mama imevimba, moyo ndio tatizo, daktari amesema akae nyumbani apumzike. Mwishoni mwa Februari nikapita shuleni. Mtakumbuka, mlinisaidia kujaza ndoo, na yule msaidizi wenu mgeni akasimama upepo ukimpiga usoni akajuta. Nikapanda bodaboda mpaka barabarani, nikapata gari la Musoma mpaka Bweri.

Nilimkuta amekaa kwenye godoro varandani, amepungua, amevaa kitenge cha Ester kilichomzidi. Ndani ya nyumba kulikuwa na mjukuu wa Ester, Neema, wa miaka mitatu, ambaye Mama Wegesa alikuwa anamwita "mwenye nyumba" kwa sababu ndiye aliyekuwa anaamuru kila kitu. Nikawasha nyasi uani, nikayababua. Neema akanifuata hatua kwa hatua.

"Bibi, hiyo nini?"

"Dungusi."

"Nataka."

"Subiri lichujwe."

"Nataka hivyo hivyo."

"Umesikia anavyosema?" Mama Wegesa akauliza kutoka varandani. "Huyu ndiye wa kuogopa."

Niliponda, nikachuja, nikarudia. Nikaweka kwenye kikombe cha plastiki nikamwita Neema. Mama Wegesa akanyoosha mkono.

"Lete hapa."

Nikampa nikidhani anataka kuona rangi. Akaomba kikombe kingine na kitambaa. Ester akaleta leso safi. Akachuja mara ya tatu, nusu ikamwagikia kitenge. Akakitazama kile kitambaa kwenye mwanga, mbele na nyuma. Halafu akasema, "Kijiko."

Ester alinitazama. Yeye pia alijua. Akaenda kuleta kijiko.

Neema akasimama katikati ya magoti ya Mama Wegesa na kufungua mdomo. Mama Wegesa alikaa na kijiko hewani muda mrefu mpaka mtoto akafunga mdomo akasema, "Bibi, umelala?"

"Sijalala."

"Basi nipe."

Akampa. Neema akameza, akacheka, akafungua tena. Mama Wegesa aliposikia kile kicheko mkono ulirudi chini. Nilidhani ameishia hapo. Nikanyoosha mkono nipokee kikombe, nimalizie mimi kama siku zote.

"Niache," akasema.

Akampa cha pili. Akampa na vingine, polepole, akimsubiri ameze na kumtazama kooni kila mara, mpaka kikombe kikabaki na povu. Neema akataka tena. "Imetosha," Mama Wegesa akasema, na Neema akalia mpaka akasahau alichokuwa analilia. Mimi niliingia ndani nikajifanya natafuta ndoo.

Mvua ikanyesha jioni ile, nikalala pale pale. Asubuhi nilimkuta Mama Wegesa ameshaamka, amekaa vilevile varandani akiangalia mlango wa uani, upande wa choo. Nilimpa chai, akaiweka chini.

"Kunywa, Mama, inapoa."

"Nitakunywa."

Hakunywa. Nikamwambia juisi haikuwa na mbegu hata moja, tumechuja mara tatu, tulikuwa watu wazima watatu tunaangalia. Akasema anajua. Akaendelea kuangalia ule mlango. Nami nikakaa kando yake nikaanza kuchambua mchele wa Ester, kwa kuwa sikuwa na la kufanya zaidi ya hilo.

Ester alitoka uani anamvuta Neema kwa mkono, mtoto hana suruali, anaringa.

"Mama," Ester akasema, "amepata choo. Kizuri kabisa."

"Umeangalia mwenyewe?"

"Nimeangalia mwenyewe."

Mama Wegesa akachukua chai yake akainywa yote. Akaniomba nimshushie mto. Akalala pale varandani, jua likiwa limeshampata miguuni, na sikumwamsha kumuaga.